Nafasi tupu kwenye sump: aquarium yangu ya kwanza ya maji chumvi hapa Mwanza, na ilivyoniishia

Wakuu, salamu nyingi kutoka Buswelu, Mwanza, ambako maji yana ratiba yake na umeme una ratiba yake, na ratiba hizo mbili hazijawahi kukaa kikao kimoja.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Siuzi samaki, siuzi vioo, sitafuti mchumba. Nimebadilisha jina la mwanangu tu, basi. Mimi ni Ke, naliweka wazi mapema ili mtu asije akaniita bro huko chini halafu tuanze kusahihishana.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka. Aliyenionyesha jukwaa hili ni mtu wangu wa karibu. Yeye husoma humu kila asubuhi kabla ya kufungua duka, hajawahi kujisajili, hajawahi kuchangia hata nukta. Mkumbukeni huyo, nitamrudia.

Uzi ni mrefu. Wavivu wa kusoma wapite kushoto kwa amani.

Mimi ni mtoto wa Tanga, nimeolewa na Msukuma. Nafanya kazi maabara kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki, kupima maji ndiyo ugali wangu. Mume wangu tumwite Baba Neema. Ana duka la hardware kule Mkolani: mabomba, koki, gundi, simtank, vitu vya aina hiyo. Neema mwenyewe yuko bweni.

Baba yangu mzazi alifanya kazi bandarini Tanga mpaka akastaafu. Mama alishatangulia mbele ya haki. Baba akapata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, maneno yakapungua yakabaki ya kuhesabika. Kaka yangu kazi yake ni ya safari, leo yupo kesho hayupo, hivyo tukakubaliana Baba aje kwangu.

Akaja. Na hakupapenda.

Siku moja tukampeleka mwaloni, ufukweni mwa ziwa, apunge upepo, tukijua mtu wa maji ni mtu wa maji. Akainama taratibu, akachovya kidole ziwani, akakiweka mdomoni, akatema. Akasema, "Hayana chumvi." Akageuza uso upande wa gari. Tukamrudisha nyumbani.

Kula kukawa shida. Mazoezi hataki. Ukimkalisha kwenye kiti anateleza anarudi kulala. Mama mmoja wa mazoezi ya viungo aliyekuwa anakuja nyumbani akaniambia nimtafutie kitu cha kumfanya akae wima na kufuata kwa macho, kitu anachokipenda yeye, siyo ninachokipenda mimi. TV hakuitaka. Nikamnunulia dishi la kioo lenye furu wawili wa ziwani, akawaangalia kidogo, akasema, "Samaki wa kisima."

Watu wa Tanga tuna dharau, nakiri. Lakini hapo ndipo nilipopata wazo.

Kazini walinicheka sana. Mmoja akasema una ziwa zima mlangoni halafu unatafuta bahari ya dukani. Ziwa si bahari, na anayebisha akachovye kidole.

Sasa twende kwenye ufundi, kwa sababu najua humu kuna wanaotaka kuanza, na sitaki mfike nilipofika mimi.

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba aquarium ya maji chumvi si tanki moja, ni mawili. Kuna la juu linaloonekana, lenye samaki na mawe. Na kuna la chini, lile wanaloita sump, linakaa ndani ya kabati chini ya lile la juu. Huko chini ndiko kwenye sponji za kuchuja, na pampu.

Maji ya juu yakifika kimo fulani yanamwagika kwenye kisanduku cha kioo kilichobandikwa ukuta wa nyuma. Hiyo ndiyo overflow. Kisanduku kina meno kwa juu kama kitana, samaki wasipite. Kutoka hapo yanashuka kwa bomba mpaka sump, yanachujwa, pampu inayasukuma kurudi juu. Yanashuka, yanapanda, yanashuka, yanapanda. Masaa yote, usiku na mchana.

Ushauri wangu: usiweke bomba moja la kushushia. Weka mawili, na la tatu la dharura. Konokono mmoja tu akiingia kwenye bomba, maji hayana pa kushukia, na pampu haijui, inaendelea kupandisha. Mimi niliweka matatu. Fundi wa vioo pale mjini aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na matundu matatu kwenye kioo kipya. Nikamwambia toboa.

Halafu ndani ya tanki la juu nikaweka vipampu viwili vidogo vya kutengeneza mawimbi, kimoja kona hii kingine kona ile, vinatazamana kwa mshazari. Lengo ni pasiwe na pembe ambayo maji yamelala. Maji yakilala kwenye bahari ndogo, uchafu unatulia, hewa inapungua, na kila kitu kinaoza kimyakimya.

Sasa sikilizeni hili, maana uzi wote umesimama hapa.

Umeme ukikatika, pampu inazima. Lakini maji hayazimi. Yale yaliyo juu ya meno ya overflow yataendelea kushuka mpaka yafike usawa wa meno. Na lile bomba la kupandishia nalo linageuka, linaanza kuyanyonya kurudi chini, mpaka mdomo wake uvute hewa. Nililitoboa tundu dogo karibu na uso wa maji ili liwahi kuvuta hewa, ila hata hivyo kwangu ilikuwa ni ndoo mbili na ushee zinazoshuka kila umeme unapokata.

Zinashuka wapi? Kwenye sump. Kwa hiyo sump LAZIMA iwe na nafasi tupu muda wote. Ile nafasi si uzembe, si kwamba maji yamepungua. Ile nafasi ndiyo usalama wa nyumba. Kwa mji unaokatika umeme kama wetu, ile nafasi ni muhimu kuliko samaki wenyewe.

Mabomba, koki na gundi vilitoka dukani kwa Baba Neema. Tukafunga wote wawili, yeye akiwa ameshika tochi. Sitamnyima haki yake: mkono wake kwenye gundi ni mzuri, hakuna kiungo hata kimoja kilichovuja.

Kabla ya samaki tukafanya jaribio. Nikamwambia azime pampu kwenye swichi. Tukachuchumaa wote mbele ya kabati, tukatazama maji yakipanda kwenye sump, yakapanda, yakapanda, yakasimama vidole vichache chini ya ukingo. Nikawasha tena, yakashuka. Nikachukua marker pen nikachora mstari pale yanapotakiwa kuishia siku zote.

Baba Neema akasema kwa mdomo wake, "Kwa hiyo juu ya huu mstari pasijazwe."

Nikamwambia, "Pasijazwe kamwe."

Akasema, "Sawa engineer." Akarudi kutazama mpira wake kwenye TV.

Chumvi maalumu iliagizwa Dar ikaja kwa basi. Mawe yalitoka Tanga. Nikasubiri wiki nyingi maji yakomae, nikipima kama ninavyopima kazini. Mwisho wakaja clownfish wawili, wale wekundu wenye mistari myeupe, na kamba mmoja wa kusafisha. Ndio hao tu. Sikutaka makuu.

Siku tulipomkalisha Baba mbele ya tanki, mwanzoni aliyatazama tu yale mawe hadi nikadhani nimepoteza pesa bure. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akafuata kipande cha majani kilichokuwa kinazunguka. Kikaenda mpaka kona, kikageuka, kikarudi.

Akasema, "Maji yanatembea."

Wakuu, nililia. Niliingia jikoni nikawasha bomba ili wasinisikie, na bomba lenyewe halikuwa na maji.

Kuanzia hapo Baba alianza kula akiwa amekaa. Mazoezi akawa anafanya mbele ya tanki, mama wa mazoezi anamwambia nyanyua mkono yule mwekundu anapopita. Maneno yakaanza kurudi, la leo, la kesho. Kila asubuhi swali lake lilikuwa hilohilo, kabla ya chai, kabla hata ya kuitikia shikamoo yangu. "Yanatembea?" Namjibu, "Yanatembea, Baba." Ndipo anasema marahaba.

Kipindi hicho dada wa kazi akaondoka kwenda kuolewa. Mama mkwe akaja kutoka Kisesa kunisaidia kumwangalia Baba mchana.

Naomba niseme wazi: mama mkwe wangu ni mtu mwema. Humu tumezoea nyuzi za mama wakwe wachawi, huu sio mmoja wao. Alikuwa anamsogezea Baba uji, anamgeuzia kiti jua likimchoma, kwa adabu zote za wakwe. Wakikaa wanatazama samaki pamoja. Mama anasema kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, "Kumbe bahali ndiyo hii." Na Baba anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Nilimwonya mambo mawili: asiwape samaki ugali, na asiwaguse. La kabati sikumwambia kwa sababu milango ilikuwa imefungwa na hakuwahi kuiulizia.

Sasa mweleweni mtu aliyekulia kuchota maji. Mama amebeba ndoo tangu utotoni. Kwake siku maji yanapotoka, kuacha chombo kikiwa nusu ni dhambi. Anajaza pipa, ndoo, madishi, masufuria, birika, chupa za soda, jagi la juisi. Nyumba nzima ya Buswelu inafanya hivyo, mimi pia nafanya hivyo, majirani wote wanafanya hivyo. Maji yakitoka asubuhi mtaa mzima unasikia ndoo.

Siku hiyo maji yalikuwa hayajatoka kwa zaidi ya wiki. Yakatoka mimi nikiwa kazini.

Mama akajaza kila kitu. Akabaki na mpira mkononi na maji bado yanatoka kwa nguvu. Katika kutafuta chombo akasikia maji yanamwagika ndani ya kabati la samaki. Akafungua. Akaona tanki la kioo, maji yako nusu na kitu, juu pako wazi. Akadhani maji ya samaki wa mkwewe yanaisha.

Akajaza. Mpaka ukingoni.

Maji ya bomba, wakuu, yenye dawa, sumu kwa samaki.

Muda si mrefu umeme ukakatika.

Yale ya juu yakashuka kama yanavyoshuka siku zote. Hayakukuta nafasi. Yakatoka kwenye kabati yakasambaa sebuleni kwenye tailizi. Namshukuru Mungu extension nilikuwa nimeipandisha ukutani, la sivyo leo ningekuwa naandika uzi wa aina nyingine.

Mama alikuwa nje anaanua nguo. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Aliona maji ya tanki yamesimama, akaona maji yanapita miguuni kwake, akajaribu kunyanyuka. Mwenyewe. Baba ambaye kwa miezi tulikuwa tunambembeleza anyanyuke, siku hiyo alinyanyuka bila kubembelezwa na mtu.

Akateleza. Nyonga ikavunjika.

Nilipigiwa nikiwa maabara. Nilifika hospitali nikiwa bado nimevaa gumboots za kiwandani.

Kwenye korido ya hospitali nilimsemesha Mama maneno makali. Sitayaandika hapa. Watu waligeuka kutazama. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, kanga yake imelowa chini, anasema tu, "Nisamehe, ng'wanawane. Niliona yanaisha." Ng'wanawane ni mwanangu kwa Kisukuma. Aliniita mwanangu nikiwa namgombeza kama mtoto.

Baba Neema alikuwa amesimama pale pale katikati yetu. Ameshika picha ya X-ray ya Baba, kainyanyua kwenye taa, anaitazama kana kwamba anajua kuisoma. Hakusema neno.

Nilidhani ni busara. Nilidhani mwanaume wangu ameshindwa kuchagua kati ya mke na mama, na nikamwonea huruma. Jamani.

Niliporudi nyumbani asubuhi, samaki wote wawili walikuwa wanaelea. Yule kamba sikumwona kabisa. Umeme ulikuwa umesharudi na pampu inafanya kazi, maji yanazunguka vizuri kabisa, safi, yanazungusha maiti.

Nikazima swichi.

Mama akarudi Kisesa siku ya pili yake. Hakuaga kwa maneno mengi. Alichukua mfuko wake, akasimama mbele ya chumba cha Baba ambacho kilikuwa kitupu, kisha akatoka.

Kaka yangu akaja. Baba alipotoka hospitali akasema anampeleka Tanga, na mimi sikuwa na mdomo wa kukataa. Mzee alikuja na kiharusi, anarudi na kiharusi na nyonga. Kaka hakumpigia mama mkwe hata simu ya kumpa pole. Kwenye group la familia yetu, ambalo Baba Neema naye yumo, akaandika kwamba mzee "alimwagiwa maji na mama wa shemeji." Hakuna aliyemsahihisha. Shangazi zangu wakaweka emoji za kulia.

Siku ya kuondoka tulimpitisha Baba sebuleni akiwa amelazwa kwenye machela. Akaomba tusimame. Akatazama tanki. Mawe yalikuwa bado yamo, maji yamo, taa imezimwa.

Akasema, "Maji yamesimama."

Kwa muda mrefu baada ya hapo nilimchukia Mama. Naliandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa akipiga simu naongea kwa mkato, akituma mihogo kwa mtu wa basi napokea siandiki hata ahsante. Baba Neema alikuwa ananiambia, "Msamehe tu, ni mtu mzima, hakujua." Kwa sauti ya upole. Ananishika bega.

Ukoo mzima wa upande wangu unamjua yule mama kama mama aliyemvunja mzee nyonga. Na upande wao pia habari zikafika. Kisesa ni padogo. Mtu ukitajwa sokoni, kabla hujafika nyumbani wanao wameshasikia.

Sasa juzi juzi kulikuwa na send-off ya wifi yangu huko Kisesa. Nikaenda kwa sababu huwezi kutokwenda. Nikavaa sare, nikaingia nyuma jikoni na wanawake wenzangu.

Maji yakawa yanasombwa kutoka kisimani kwa jirani. Kila anayepita na ndoo anamimina kwenye pipa lililo mbele yake. Mama akaja na ndoo kichwani, akafika kwenye pipa moja lililokuwa nusu. Akashusha ndoo. Hakumimina.

Akaniangalia. Akaniuliza kwa adabu kama mgeni, "Mama Neema, hili nijaze?"

Nikamwambia, "Jaza tu, Mama. Ni pipa."

Akageuka, akamuuliza na dada mwingine aliyekuwa anamenya ndizi, "Eti hili nijaze?" Yule akacheka, akasema jaza. Ndipo akamimina.

Nikaona ananisema kwa mafumbo. Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, mbona anauliza watu wawili kwa pipa la maji.

Akajibu bila ukali wowote, anafuta mikono kwenye kanga, "Siku hizi nauliza watu wawili. Siku ile niliuliza mmoja."

Nilisimama na mwiko mkononi.

Nikamuuliza, "Mama, siku ile ulimuuliza nani?"

Akaangalia kule mbele kwenye turubai ambako wanaume walikuwa wanapanga viti. Nikarudia swali. Akasema taratibu, ili wengine wasisikie, "Nilimpigia mwenye nyumba. Nikamwambia lile dishi la samaki la chini maji yamepungua, nijaze? Akasema jaza tu mama, maji ni maji."

Mwenye nyumba. Kwa Mama, mwenye nyumba ni mwanawe. Jambo la nyumba huulizi mke aliye kazini, unampigia mwenye nyumba. Ndivyo alivyolelewa, na hakukosea kitu. Aliuliza! Wakuu, yule mama ALIULIZA.

Aliuliza mtu aliyechuchumaa na mimi mbele ya lile kabati. Mtu aliyesema kwa mdomo wake juu ya huu mstari pasijazwe. Mtu anayeuza koki na mabomba kwa riziki yake.

Nikamuuliza Mama kwa nini hakusema pale hospitali, wakati namtukana mbele za watu.

Akasema, "Ningesemaje, mwanangu? Yeye alikuwepo. Nilimwachia aseme mwenyewe."

Sikumbuki kama nilikula kwenye ile sherehe. Nakumbuka zawadi zilitolewa na watu wakacheza, na Baba Neema akamtunza mama yake akamvisha kitenge mbele ya umati, watu wanapiga vigelegele. Mama anacheza, kitenge begani. Mimi nimekaa natazama.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza moja kwa moja. Hakukataa, hilo nampa. Alisema alikuwa na wateja dukani, simu aliijibu bila kusikiliza, alisikia neno kujaza na neno maji akajibu. Hayo yote naweza kuyaelewa. Kila mtu amewahi kujibu simu bila kusikiliza.

Nikamuuliza, "Na baadaye?"

Akasema, "Baadaye ulikuwa na hasira. Nikaona wewe na Mama mtapatana tu, Mama ni mama, atasamehewa. Mimi ungenilaumu mpaka tunazeeka."

Yaani alipiga hesabu. Alituweka kwenye mizani mimi na mama yake na baba yangu, akaona bei nafuu ni mama yake.

Nimemwambia mambo mawili tu. Ampigie mama yake amwombe radhi, kisha aandike kwenye group la familia, yeye mwenyewe, kwa jina lake, kwamba Mama aliuliza na yeye ndiye aliyesema jaza. Sentensi moja tu. Sitaki arudishe samaki, nyonga hawezi kuirudisha.

Anasema ataandika. Anatafuta maneno mazuri. Kila jioni anatafuta maneno mazuri. Asubuhi anakunywa chai, anashika simu, anasoma mambo ya watu wengine, anacheka, anaenda kazini.

Ningeweza kuandika mimi. Lakini nikiandika mimi itaonekana nimemshitaki mume, kaka atapata cha kusema, na Mama atakuwa ametetewa na mkwe badala ya mtoto wake wa kumzaa. Yeye anamsubiri mtoto wake.

Baba anaendelea hivyo hivyo. Hakai tena wima. Kaka akipiga video call namwona amelala upande. Wiki iliyopita alinitazama sana kwenye kioo cha simu, akauliza, "Yanatembea?"

Nikamwambia yanatembea.

Hayatembei. Mabomba nimefungua, vipampu nimevifunga kwenye mfuko. Tanki la juu liko stoo. Lile la chini, ile sump, nimeiweka jikoni, ndiyo inayohifadhi maji ya kupikia. Maji yakitoka tunaijaza mpaka ukingoni. Ule mstari wa marker pen bado upo, uko chini kabisa ya maji, na kila nikichota nauona.

Funzo kwa wanaotaka kuanza: overflow iwe na meno na mabomba ya ziada, bomba la kupandishia litobolewe tundu la kuvuta hewa, na usiamini valvu ya kuzuia maji kurudi maana ikipata kijiwe kimoja haifungi. Zima umeme mwenyewe ujaribu kabla TANESCO hawajakujaribu. Na ile nafasi tupu iandikieni kwa maandishi makubwa ya Kiswahili yanayosomeka na kila anayeishi humo, siyo mstari wa marker ambao maana yake anaijua mwenye aquarium na mumewe. Mimi niliwaachia watu wawili siri ya mstari, mmoja akaisahau.

Na la pili, ambalo si la samaki. Mtu akinyamaza pale mnapogombana, msikimbilie kumwita mwenye busara. Muulizeni kwanza anajua nini.

Wenye maswali ya sump na pampu ulizeni, nitajibu kila moja. Wenye mama wakwe mlioachana nao vibaya, semeni yenu, nataka kusikia. Wanaotaka picha, hakuna picha, nilizifuta.

Na wewe msomaji wangu wa kila asubuhi, unayesoma bila kujisajili. Najua umefika mpaka hapa, na najua umejitambua tangu kwenye tochi. Usichangie kitu. Usihangaike na maneno mazuri. Kabla hujafungua duka, mpigie mama yako.